Linux imegoma kwenye laptopu kuukuu: uanzie wapi

Maswali ni yale yale. “Fundi, nimeweka Linux, skrini imebaki nyeusi.” “Fundi, Wi-Fi haionekani kabisa.” “Fundi, imeniandikia grub rescue, nimeiua?” Nayajibu kwenye simu, nayajibu kibandani kwangu hapa Busia, upande wa Uganda, na wiki iliyopita niliyajibu nikiwa nyuma ya boda. Sasa nayaandika mahali pamoja, ili mwenye shida aanzie panapostahili.

Laptopu ninazozizungumzia ni zile zinazotufikia baada ya kutumika kwingine: za mwaka 2008 hadi 2014 hivi, RAM ya GB 2, ukibahatika GB 4, diski ya kuzunguka, betri iliyochoka. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali mashine hizi. Lakini zikiwekewa Linux, mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows, bado zinaandika barua, zinachapa mitihani, zinaweka hesabu za duka. Kuzitupa ni hasara.

Kabla hujagusa amri yoyote, shika hili: shida nyingi ninazoletewa kwa jina la Linux chanzo chake ni flashi mbovu, faili lililopakuliwa nusu, diski inayokufa, au kibetri cha saa kilichokwisha. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kabla ya kusakinisha. Ukiyafanya hayo vizuri, sehemu ya matatizo huenda usiihitaji kabisa.

VITU VYA KUWA NAVYO

- Flashi mbili za GB 8 au zaidi. Moja ya kusakinishia, ya pili ya kuhifadhia mafaili yako.
- Adapta ya chaji isiyolegea. Betri ikiwa bado inashika japo dakika kumi, iache ndani.
- Simu ya Android na waya wa USB unaopitisha data. Nyaya nyingi za bei rahisi zinapitisha chaji tu. Jaribu kwanza kuhamisha picha moja kwa waya huo.
- Kompyuta nyingine inayofanya kazi, hata ya kuazima kwa saa mbili.
- Daftari na kalamu. Ujumbe unaotokea kwenye skrini uandike herufi kwa herufi, au upige picha. “Iliandika kitu fulani cha Kiingereza” hainisaidii mimi, wala haikusaidii wewe.
- Bando la kutosha. Hapa wengi hujikwaa. Wanaona faili la Debian (aina mojawapo ya Linux) linaloitwa netinst ni dogo, chini ya GB 1, wanafurahi. Faili hilo lina kisakinishi tu; mazingira ya kazi yote litayavuta mtandaoni wakati wa kusakinisha, na bando likikatika katikati unabaki na skrini nyeusi yenye maandishi. Sisi tunaolipa kodi ya asilimia 12 juu ya data tangu Julai 2021 hatuwezi kupakua mara mbili. Chukua faili kamili, lile linaloweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kusakinishwa.

Uchague Linux ipi? Nitasema ninachofanya mimi. Mashine ya biti 64 yenye RAM ya GB 2 hadi 4 naiwekea Debian yenye Xfce (mazingira mepesi ya kazi), au Lubuntu. Mashine ya biti 32, au yenye GB 1 tu, naiwekea antiX. Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32, kwa hiyo usipoteze bando kuitafuta kwa ajili ya mashine ya namna hiyo.

HATUA ZA KAZI

1. Ijue mashine yako

Kama Windows bado inawaka, fungua mipangilio, nenda kwenye System, kisha About, usome panapoandikwa “System type”. Ukiona “x64-based processor”, prosesa ni ya biti 64 hata kama Windows iliyomo ni ya biti 32. Watu wengi wanasoma mstari wa kwanza tu, wanapakua toleo la biti 32 bila sababu. Kama ndani kuna Linux tayari, fungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, uandike:

lscpu

Mstari wa “CPU op-mode(s)” ukitaja 64-bit, umemaliza. Andika pia kiasi cha RAM na ukubwa wa diski kwenye daftari.

2. Pakua, kisha hakiki

Pakua kutoka tovuti ya mradi wenyewe. Kwa mtandao wa kukatikakatika, tumia wget -c ikifuatiwa na anwani ya faili. Ikikatika, rudia amri ile ile nayo inaendelea ilipoishia. Usipakue kwa kivinjari cha simu ukiwa safarini.

Kila mradi huchapisha alama ndefu ya SHA256 kando ya faili lake. Linganisha. Kwenye Windows:

certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256

Kwenye Linux:

sha256sum jina-la-faili.iso

Ikitofautiana hata herufi moja, faili limeharibika. Ukilisakinisha hivyo hivyo, kisakinishi kinaweza kuganda kwenye asilimia 60 au 80 bila maelezo, nawe utailaumu laptopu.

3. Pima flashi

Niliwahi kununua Kampala flashi iliyoandikwa GB 64. Windows ikaonyesha GB 64, Linux pia. Niliandika mfumo juu yake mara tatu, na mara zote tatu usakinishaji ulikufa mahali tofauti: mara ya kwanza kwenye kunakili mafaili, mara ya pili mwishoni kabisa, mara ya tatu mashine haikuiona flashi hata kidogo. Nilipoipima nikakuta nafasi ya kweli ni GB 4 tu. Kilichozidi hapo kilikuwa kinaandikwa hewani. Flashi za namna hii zimejaa, na hazitambuliki kwa macho.

Kwenye Windows tumia programu ya H2testw. Kwenye Linux sakinisha f3, chomeka flashi, kisha:

f3write /media/jina-lako/FLASHI
f3read /media/jina-lako/FLASHI

Ya kwanza inaijaza flashi, ya pili inasoma kilichoandikwa. Inachukua muda, pengine saa nzima kwa flashi ya polepole. Iache ifanye kazi. Panapoandikwa “Data LOST” pakiwa na chochote zaidi ya sifuri, flashi hiyo usiitumie hata kwa nyimbo.

4. Andika mfumo kwenye flashi

Kunakili faili la ISO (lile ulilopakua) na kulibandika ndani ya flashi hakutoshi. Kosa hili naliona kila mara. Linatakiwa liandikwe kwa programu maalumu: Rufus kwenye Windows, au balenaEtcher kwenye mfumo wowote. Rufus ikikuuliza kati ya hali ya ISO na hali ya DD, anza na ile inayoipendekeza yenyewe. Laptopu ikikataa kuwaka, rudi ujaribu DD.

Ukitumia amri ya dd kwenye Linux, andika kwanza lsblk na utazame ukubwa wa kila diski. Flashi ya GB 8 haiwezi kuonekana kama GB 320. Ukikosea jina la diski, dd inafuta diski yako bila kukuuliza swali lolote. Mwanafunzi mmoja wa S6 (kidato cha sita) alipoteza hivyo maandishi yake ya mwaka mzima, na hakukuwa na namna ya kuyarudisha. Ndiyo maana nimesema flashi mbili.

5. Ingia BIOS

BIOS ni mipangilio ya msingi ya mashine, inayoamka kabla ya mfumo wenyewe. Kitufe cha kuiingia kinategemea mashine. Dell: F2 kwa mipangilio, F12 kwa menyu ya kuwashia. HP: Esc, kisha F9 kwa menyu au F10 kwa mipangilio. ThinkPad: F1 na F12. Toshiba na Acer: mara nyingi F2 na F12, ila kwenye Acer nyingi F12 haifanyi kazi mpaka uiruhusu ndani ya mipangilio. Gonga kitufe mfululizo mara tu unapowasha.

Ukiwa ndani, angalia mambo manne kwa mpangilio huu:

Kwanza tarehe. Ikiwa BIOS inasema 2009, simama hapo, nenda usome habari ya kibetri cha saa huko chini kabla ya kuendelea.

Pili, hali ya diski. Ikiwa imeandikwa “RAID” na kisakinishi hakioni diski, ibadilishe iwe AHCI. Onyo: Windows iliyomo inaweza kukataa kuwaka baada ya badiliko hilo, kwa hiyo kama unaitaka bado, hifadhi mafaili kwanza.

Tatu, Secure Boot (kinga inayokataa programu zisizo na saini inayotambulika), kama ipo. Debian na Lubuntu zinaweza kuwaka ikiwa imewashwa, lakini draiva fulani za Wi-Fi zitakataa. Kwenye laptopu kuukuu mimi naizima.

Nne, mpangilio wa kuwaka: USB itangulie diski.

6. Washa kwa majaribio, usisakinishe bado

Chagua kuwasha bila kusakinisha, kisha ipe mashine dakika ishirini za uchunguzi. Wi-Fi inaona mitandao? Sauti inatoka? Kila herufi ya kibodi inaandika inachopaswa? Laptopu nyingi zilitoka Ulaya na kibodi za Kifaransa au Kijerumani. Ukibonyeza Y ikatoka Z, kibodi haijaharibika, chagua tu mpangilio wake sahihi wakati wa kusakinisha. Hili ni muhimu kwa sababu nenosiri ulilolitunga kwa mpangilio mmoja halitaingia kwa mpangilio mwingine.

Sasa diski. Unganisha mtandao, fungua terminali:

sudo apt update
sudo apt install smartmontools
sudo smartctl -a /dev/sda

Usiridhike na neno “PASSED”. Shuka chini utafute “Reallocated_Sector_Ct” na “Current_Pending_Sector”, usome namba ya mwisho kwenye mistari hiyo. Sifuri ni salama. “Current_Pending_Sector” ikiwa na namba yoyote, diski ina sehemu zisizosomeka. Hakuna Linux itakayoitibu. SSD (diski isiyozunguka) ya SATA ya GB 120 inaingia mahali pale pale pa diski ya inchi 2.5, na ndiyo pesa yenye faida kuliko zote unazoweza kutumia kwenye laptopu kuukuu. Hata RAM haifui dafu.

Kama menyu ya flashi ina memtest, iache ipime RAM usiku kucha. Mstari mwekundu mmoja tu unatosha: ondoa kipande kimoja cha RAM, pima kingine peke yake, ujue kibovu ni kipi.

7. Sakinisha

Chomeka adapta mahali ambapo mtu hataipiga teke. Kama mtaa wenu umeme hukatika jioni, fanya kazi hii asubuhi. Ukikatika katikati, usiogope: washa flashi tena uanze upya. Ulichopoteza ni muda.

Kwenye saa za eneo chagua Africa/Kampala. Kwenye kugawa diski, kama hutaki tena Windows, chagua kutumia diski nzima. Ukitaka kubaki nayo, iwashe kwanza, fungua terminali yake kama msimamizi, andika powercfg /h off, kisha uizime kabisa. Usipofanya hivyo, Linux itakataa kuandika kwenye sehemu ya Windows kwa sababu inaiona imelala, haijazimwa.

Sehemu mbili zinazowakwaza watu wa Debian. Kisakinishi kikiomba nenosiri la root (msimamizi mkuu), liache wazi, ubonyeze kuendelea; hapo wewe mwenyewe utapewa haki ya sudo, yaani ya kuendesha amri kama msimamizi. Na kikiuliza GRUB, programu inayouamsha mfumo, iwekwe wapi, chagua diski ya laptopu, usichague flashi. Mashine inayowaka tu ikiwa flashi imechomekwa, kwa kawaida ni kosa hilo.

8. Baada ya kuwaka mara ya kwanza

sudo apt update
sudo apt upgrade

Ukiandika nenosiri kwenye terminali hutaona hata nyota moja. Linaandikika, maliza ubonyeze Enter.

Kisha, kwa mashine ya GB 4 kushuka chini, weka zram. Inabana data ndani ya RAM badala ya kuipeleka kwenye diski ya polepole:

sudo apt install zram-tools

Fungua faili la /etc/default/zramswap kwa sudo nano, ondoa alama ya # mbele ya PERCENT, uandike PERCENT=50. Hifadhi, washa mashine upya, halafu hakikisha kwa sudo swapon --show. Ukiona zram0, imekubali. Maelekezo haya ni ya Debian. antiX haitumii systemd (programu inayosimamia huduma za mfumo), kwa hiyo amri zozote za systemctl au timedatectl utakazoziona kwingine hazitaitika huko.

MATATIZO NA DAWA ZAKE

Kanuni yangu hapa ni badiliko moja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja na mashine ikapona, hujui kilichoiponya. Ikizidi kuharibika, hujui pa kurudi.

Skrini nyeusi baada ya menyu ya kuwashia

Mara nyingi ni draiva ya picha. Kwenye menyu ya GRUB bonyeza e. Tafuta mstari unaoanza na linux, nenda mwisho wake, acha nafasi moja, uandike nomodeset, kisha Ctrl na X. Menyu isipoonekana, shikilia Shift wakati wa kuwasha, au gonga Esc kwenye mashine za UEFI (aina mpya ya BIOS).

Ikiwaka, usishangilie mapema. nomodeset ni fimbo ya kutembelea: picha zitakuwa nzito na video zitakwama. Itumie kuingia, usasishe mfumo, usakinishe draiva inayohitajika, halafu ujaribu bila hiyo. Ikishindikana kabisa ndipo uiweke moja kwa moja kwenye /etc/default/grub, ndani ya nukuu za GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, ukimaliza na sudo update-grub.

Wi-Fi haipo

Anza na swichi. Laptopu za zamani zina kiswichi kidogo ubavuni au mbele, na wengi hawajui kama kipo. Andika:

sudo rfkill list

“Hard blocked: yes” ni swichi hiyo au kitufe cha Fn, hakuna amri itakayoifungua. “Soft blocked: yes” inafunguliwa na sudo rfkill unblock all.

Kama hakuna kilichozuiwa, uliza kadi ni ya nani:

lspci -nnk

Tafuta “Network controller”. Kadi za Intel zinahitaji firmware-iwlwifi, za Realtek firmware-realtek. Broadcom ndizo zinazosumbua zaidi. Tazama namba ndani ya mabano ya mraba: 14e4:4315 inataka firmware-b43-lpphy-installer, 14e4:4365 inataka broadcom-sta-dkms pamoja na linux-headers-amd64. Ili Debian izione hizi, ongeza maneno contrib non-free non-free-firmware kwenye mstari wa main ndani ya /etc/apt/sources.list, kisha sudo apt update. Kwenye Lubuntu sakinisha bcmwl-kernel-source kwa hiyo ya pili.

Hapo utaniuliza, nitapataje draiva ya mtandao bila mtandao? Kwa simu. Chomeka simu ya Android kwa waya, washa data, ingia mipangilio ya hotspot, uwashe kushiriki mtandao kwa USB. Laptopu itaiona simu kama waya wa mtandao, bila draiva yoyote. Ujanja huu umeniokoa mara nyingi kuliko mwingine wowote. Kwa wenzangu wa mpakani: kwenye simu chagua mtandao wenu kwa mkono, maana hapa Busia simu hudaka minara ya upande wa Kenya na kuila salio lako lote kabla draiva haijamaliza kushuka.

Saa inarudi nyuma, na mtandao unakataa

Mwalimu mmoja wa msingi aliniletea laptopu yake akisema Linux “imekataa tovuti zote”. Wi-Fi ilikuwa imeunganika vizuri. Firefox ilikuwa ikionya kuhusu cheti kila ukurasa. apt, programu ya kusakinishia, ilikuwa ikisema “Release file is not valid yet”. Nilihangaika siku mbili, nikabadilisha seva za apt, nikafuta mipangilio ya mtandao, nikabadilisha hata simu. Ilikuwa ni mwalimu mwenyewe, amekaa kwenye benchi akinisubiri, aliyeniuliza kwa nini saa ya pembeni inasema ni Januari 2009.

Kila laptopu kuukuu ina kibetri cha sarafu, kwa kawaida CR2032, kinachoilinda saa na mipangilio ya BIOS mashine ikiwa imechomolewa. Kikifa, kila umeme unapokatika tarehe inarudi nyuma na mipangilio ya BIOS inaweza kujirudia yenyewe, ikiwemo ile ya diski uliyoibadilisha. Tovuti salama zinakataa kwa sababu kwa mashine yako vyeti vyao havijaanza kutumika.

Dawa ya muda:

sudo date -s "2026-01-15 10:30"

ukiweka tarehe na saa ya siku hiyo. Dawa ya kweli ni kununua kibetri kipya. Kwenye laptopu nyingi kimefungwa kwa plastiki na kina waya wenye plagi ndogo. Tazama cha zamani kabla ya kununua, kwa sababu kile cha kawaida kisicho na waya hakitaingia.

Imeandika (initramfs) na kusimama

Hii ni shida ya umeme kukatika mashine ikiwa inaandika. Juu ya neno hilo utaona ujumbe unaotaja “RUN fsck MANUALLY” na jina la sehemu ya diski, kwa mfano /dev/sda1. Andika jina hilo hilo uliloliona:

fsck -y /dev/sda1

Ikimaliza, andika exit. Mara nyingi mashine inaendelea kuwaka kama kwamba hakuna lililotokea. Vipande vya mafaili visivyojulikana vya nani vinawekwa kwenye folda ya lost+found. Lakini ikirudia wiki hii na wiki ijayo, wakati mashine ulikuwa unaizima vizuri, rudi kwenye smartctl. Diski inakuaga, hamisha mafaili leo.

grub rescue

Hujaiua. Mfumo upo, ila kinachouamsha kimepotea. Washa kwa flashi, hali ya majaribio, kisha lsblk -f ili ujue mfumo uko kwenye sehemu ipi, tafuta ext4. Tuseme ni sda1 na mashine ni ya BIOS ya zamani:

sudo mount /dev/sda1 /mnt
sudo mount --bind /dev /mnt/dev
sudo mount --bind /proc /mnt/proc
sudo mount --bind /sys /mnt/sys
sudo chroot /mnt
grub-install /dev/sda
update-grub
exit

Ona kwamba grub-install inapewa sda, bila namba. Kwa mashine ya UEFI, kabla ya chroot unganisha pia sehemu ndogo ya vfat kwenye /mnt/boot/efi, na flashi yenyewe iwe imewashwa kwa UEFI. Utajua kwa ls /sys/firmware/efi. Folda ikiwepo, ni UEFI.

“is not in the sudoers file”

Uliweka nenosiri la root wakati wa kusakinisha. Andika su - na nenosiri hilo la root, kisha usermod -aG sudo ikifuatiwa na jina lako la mtumiaji. Toka, uingie upya.

apt inadai uweke CD

Fungua /etc/apt/sources.list, weka # mbele ya mstari unaoanza na deb cdrom.

“dpkg was interrupted”

Umeme tena, au bando liliisha ukaifunga kwa nguvu. Andika sudo dpkg --configure -a, kisha sudo apt --fix-broken install. Ikisema haipati “lock”, kuna sasisho linaendelea kimyakimya nyuma. Subiri dakika kumi. Usifute faili la lock kama wengi wanavyoshauriana.

Inawaka vizuri lakini ni nzito

Andika free -h huku kivinjari kikiwa wazi. Safu ya “available” ikikaribia sifuri, tatizo ni RAM: kurasa tatu badala ya kumi na tano, na hakikisha zram ipo. RAM ikiwa inatosha lakini taa ya diski haizimi, ni diski. Vyote vikiwa sawa lakini feni inalia na mashine inajizima yenyewe baada ya nusu saa, ni joto. Sakinisha lm-sensors, andika sensors. Nyuzi 90 na zaidi wakati huifanyii kitu chochote ni nyingi mno. Fungua usafishe, kwa vumbi letu hili jekundu nimeshatoa kwenye feni moja zulia zima, nene kama kitambaa cha kanzu. Pasta ya joto ya miaka kumi nayo imekauka, ibadilishe ukiwa humo humo.

Unapokwama

Kama umefika hapa na bado imegoma, kusanya haya kabla ya kumpigia fundi: aina ya mashine iliyoandikwa chini yake, kiasi cha RAM, jina na toleo la Linux, ujumbe wa skrini neno kwa neno, na badiliko la mwisho ulilofanya kabla haijagoma. Kama terminali inafunguka, andika pia:

sudo dmesg > ~/ripoti.txt
lspci -nnk >> ~/ripoti.txt

Weka ripoti.txt kwenye flashi ya pili uje nayo. Kwa faili hilo naweza kukujibu kabla hujamaliza chai. Bila hilo nitakuuliza maswali yote niliyoyaandika hapa, kuanzia hatua ya kwanza.